Mama Sarah hakuwa nyanya wa umaarufu tu

Makala moja niliyoisoma ya kumkumbuka Mama Sarah Obama, nyanya wa kambo wa aliyekuwa rais wa Marekani Barack Obama, aliyefariki Kisumu, Kenya, tarehe 29 Machi 2021 akiwa na miaka 99, imelipita haraka mno jambo ambalo kwangu ndilo kubwa: hakumzaa baba yake Barack Obama, bali alimlea kama mwanawe baada ya mama mzazi kumwacha mzee Hussein Onyango, mume wa Mama Sarah. Mjukuu asiye wa damu yake alimwita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo. Wengi wanakumbuka safari ya Mama Sarah ya Washington mwaka 2009, Obama alipoapishwa kuwa rais. Mimi nawakumbuka yatima aliowalisha na kuwasomesha kijijini kwake Kogelo, ilhali yeye mwenyewe hakupata kwenda shule. Alizikwa kesho yake, nyumbani, kwa taratibu za Kiislamu. Mola amrehemu.