Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi: Haya, Chekeni

Kwa kuwa shoga yangu ameshaituma ile sauti yake ya mkasa wangu wa harusini kwenye kila kundi la simu hapa Lamu, kuanzia Langoni hadi Matondoni, na jana binamu aliyeko Jeddah kanipigia akicheka mpaka akapaliwa, naona bora nisimulie mwenyewe. Kuna mambo kayaongeza. Sikuangukia ndani ya sufuria. Sikulia. Na ile habari kwamba nilimwambia shangazi wa bwana harusi kuwa mimi ni mpishi wa kukodiwa, hiyo tutaifikia, msinisukume.

Harusi ya mdogo wangu mwaijua. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika mialiko, kwa sababu ndiye niliyesoma Nairobi, na kwetu aliyesoma Nairobi hupewa kila kitu chenye herufi, hata bili ya maji.

Kadi ya wanaume ilitutoa jasho. Ami alitaka juu iwekwe aya ya 21 ya Sura Ar-Rum, kama kadi za watu wote. Nyanya akamuuliza: na kadi ikishasomwa ikatupwa, punda wakaikanyaga, dhambi ataibeba nani? Aya ikatoka. Baba akataka jina lake lifuatwe na la babake, na la babu yake, mpaka tumfikie yule wa kwanza aliyevuka kutoka Pate. Nikamwambia kadi ina pande mbili tu. Halafu jina la bibi harusi: Ami akasema haliandikwi, "binti yao" latosha. Mdogo wangu akajibu akiwa jikoni kwamba mahari yametajwa kwa jina lake, wala hakuna aliyemlipia "binti yao". Ikabaki "binti yao mpendwa", akanuna siku nzima. Mimi nikafuta "na familia", Mama akachukua kalamu akairudisha kwa mkono kwenye kila kadi, moja moja. Kumwalika mtu Lamu bila familia yake ni kumtangazia vita, na familia yenyewe haina ufuo.

Lakini kadi ya wanaume ilifika salama. Akidi, yaani kufungwa kwa ndoa yenyewe, ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, wakaja Ijumaa baada ya Alasiri, wakala halua, wakaondoka. Wanaume ni watu wepesi.

Balaa ni mwaliko wa wanawake. Zamani wanawake hawakuandikiwa. Walipitiwa nyumba kwa nyumba: waalikaji wanasimama kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, wanataja siku na wakati, mwenye nyumba akiwa hakufahamu anauliza papo hapo, anajibiwa, maneno yamekwisha. Nyanya alitaka tufanye hivyo hivyo. Nikamwambia, "Nyanya, simu zipo." Akanitazama kwa macho fulani. Macho yale sasa nayaelewa.

Mama akaniambia kwa kinywa chake: "Andika Ijumaa usiku, baada ya Isha." Nikaandika "Ijumaa usiku". Nikalitazama. Nikaliona kavu, kama tiketi ya basi. Mtu amesoma, amefundishwa fasihi, atamwalikaje mtu kwa tiketi ya basi? Nikaligeuza: "Usiku wa Ijumaa hii, baada ya Isha, kina mama na kina dada mwakaribishwa kwa furaha..." Nikatia nyota za dhahabu na waridi pembeni. Chini nikaongeza kuwa simu ziachwe nyumbani, kwani wanawake watakuwa wamejipamba. Nikatuma. Mioyo ikamiminika kwenye simu mpaka nikajiona malenga.

Watu wa Pwani, najua hapo mmeshashika vichwa. Wa bara subirini kidogo.

Siku kwetu huingia jua likitua. Ndiyo maana tarawehe huanza kusaliwa usiku, kabla mtu hajafunga hata siku moja. Basi usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao ninyi mnauita Alhamisi usiku. Nami nimelelewa humo humo! Kila Alhamisi baada ya Magharibi Nyanya hutia udi chetezoni akasoma Yasini, na ukimuuliza atakwambia, "Yeo ni usiku wa Ijumaa." Nimeisikia tangu nanyonya. Nairobi ndiyo iliyonisahaulisha, kule usiku hausomewi kitu, unalaliwa. Na kwa vile akidi ilikuwa Ijumaa, hakuna mwanamke aliyeshangaa. Walijua wanaitwa kwenye mkesha. Mantiki yao haina kasoro hata ukiipekua kwa taa.

Alhamisi, basi. Isha imeshasaliwa. Ng'ombe wa karamu bado yuko Mokowe, ng'ambo ya bara, atavushwa asubuhi. Mchele uko kwenye magunia. Bibi harusi yuko juu amepakwa singo ya kulainisha ngozi mwili mzima, amelala. Mimi nimeketi kiwandani, yaani uani kwetu, juu ya kigoda, mbele yangu beseni la kitunguu thomu, namenya. Nimevaa dera la Mama lililoungua kifuani kwa pasi. Usoni nimejipaka liwa, imekauka, nikitabasamu inapasuka. Nywele nimezitia mafuta nikazifunga kwa mfuko wa plastiki, na msinishtaki, ni wa kabla ya marufuku ya 2017, Nyanya anayo akiba yake chini ya kitanda.

Nikasikia vugo.

Kwa mbali, upande wa jeti. Pembe za nyati zinagongwa, wanawake wanaitikia. Nikaacha kumenya. "Mama," nikasema, "kuna harusi nyingine yeo?"

Mama akatokeza kutoka msana, ule ukumbi unaotazama kiwanda, mikononi ana mito. Akasikiliza. "Labda Mkomani."

"Mbona hatukualikwa?"

Hapo tukakaa, mimi na mamangu mzazi, tukaanza kuwasengenya. Watu gani hawa wanaofanya harusi wiki moja na yetu? Hawana adabu? Hata kututumia ujumbe? Mama akasema watu siku hizi hawajui kualika. Mimi nikasema ndiyo, hawajui kualika. Naomba mlisome tena neno hilo polepole, kwa sababu mimi nimeshalisoma sana.

Vugo likakaribia. Likapita msikiti. Mama akasema wamepotea njia. Likakunja kona yetu. Harufu ya udi ikaingia kiwandani kabla ya watu, ikakutana na ya thomu. Kisha mlango ukagongwa kwa ile pete yake ya chuma, na kigelegele kimoja kikapanda mpaka darini.

Nikaenda kufungua. Kwa nini mimi? Kwa sababu ndiye niliyekuwa karibu. Kisu bado ninacho mkononi.

Mbele kabisa amesimama shangazi wa bwana harusi. Dhahabu mpaka kiwikoni, kikuba cha asmini kifuani, buibui limefunguliwa kiasi cha kuonyesha kilichomo. Nyuma yake, kichochoro kimejaa wanawake wa Shela, kwa kina bwana harusi, mpaka kwenye kona, pembe mikononi, wamenyamaza wote kwa pamoja. Mji wetu uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na vichochoro vyake ni sehemu ya sababu. Nawaarifu wahusika kuwa urithi huo hauna pa kujifichia.

Shangazi akaanza kunitazama kutoka chini. Hakuharakisha. Miguuni ndara mbili zisizo ndugu, moja ya buluu, moja ya Nyanya. Akapanda kwenye dera. Akafika kwenye tundu la pasi, akapumzika hapo. Akapanda usoni. Akauona mfuko. Mfuko ulikuwa na maandishi ya duka la mbolea.

"Salaam aleikum," akasema. "Yeo si usiku wa Ijumaa?"

Nikaelewa. Nawaambia kweli, nililiona lile tangazo langu lote mbele ya macho, na nyota zake. Na badala ya kusema karibuni, au subirini, au hata kuzimia, ambako kungekuwa na heshima, nilifungua mdomo, liwa ikapasuka, nikasema:

"Mimi ni mpishi tu, mama. Nimekodiwa. Wenyewe wako ndani."

Nyuma yangu Mama akapaza sauti: "Mwanangu! Ni nani hao?"

Shangazi akanyanyua nyusi moja. Sikungoja ya pili. Nikamkabidhi kisu. Ndiyo, nilimpa mgeni kisu cha thomu, sehemu hiyo shoga yangu hakuongeza kitu. Nikakata kiwanda mbio, nikapanda ngazi, nikaelekea kwenye wikio. Kwa msiojua, wikio ni daraja linaloziunganisha nyumba mbili juu ya kichochoro. Mafundi wa kale waliliweka ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani. Nyumba ya pili ni ya mamdogo. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu: nitaingia kwake, nitaoga, nitavaa, nitarudi kwa mlango wa mbele kama mgeni aliyechelewa, nao watadhani mpishi ni mtu mwingine.

Nikapita juu ya vichwa vyao. Nawasikia chini wanauliza kama watu wa nyumba hii wako sawa. Nikausukuma mlango wa mamdogo kwa bega, nikajitupa ndani.

Mamdogo ni mtu wa adabu sana. Alipoona kichochoro kimejaa, alikuwa ameshawafungulia wageni wa nyuma wakae kwake. Chumba kimejaa ukuta hadi ukuta. Kwenye zidaka za ukutani wameshapanga vyetezo vyao. Na katikati ya mkeka, kikombe cha kahawa mkononi, ameketi mama wa bwana harusi.

Nilibaki mlangoni. Hakuna aliyesema kitu. Kipande cha liwa kikabanduka shavuni kwangu, kikaanguka mkekani, karibu na goti lake. Mimi nikakitazama. Yeye akakitazama. Akakiokota kwa vidole viwili, akakiweka kwenye kisahani.

Kutoka chini, sauti ya shangazi ikapanda dirishani: "Mpishi wao kakimbia! Yuwanuka thomu!"

"Huyu ndiye mpishi?" akauliza mama wa bwana harusi, kwa upole kabisa.

"Mpishi gani?" akasema mamdogo, amejaa fahari, Mungu amsamehe. "Huyu ndiye mtoto wetu mkubwa. Aliyesoma Nairobi. Ule mwaliko mzuri wa simu kauandika yeye."

Kicheko kilianzia kwenye kona, alikokuwa shoga yangu. Yeye peke yake ndiye aliyekuja na simu, ati katazo si la watu wa ndani. Nashukuru alirekodi sauti tu, kwa ile hofu ya picha za wanawake. Hivyo ninyi mmekisikia kicheko, uso wangu hamkuuona, na hiyo ndiyo rehema pekee ya usiku ule.

Yaliyofuata ni mafupi. Vijana wakatumwa Mkunguni, uwanjani mbele ya ngome, wakanunua mishikaki yote iliyokuwa motoni na viazi karai vyote, muuzaji akafunga akaenda kulala. Somo, yaani kungwi wake, akamwosha bibi harusi singo kwa haraka, akashushwa akiwa amependeza isipokuwa sikio moja la manjano. Vugo likapigwa. Mama akacheza, ingawa alikuwa ananitafuta kwa macho. Ijumaa usiku jamaa wa Nairobi wakaja, maana wao walisoma walivyosoma, na wa Alhamisi nao wakarudi, wamebadilisha nguo. Nyanya akasimama mlangoni akiwaambia, "Huu ni usiku wa Jumamosi, ninyi hamkualikwa," wakacheka, wakaingia, wakala ng'ombe. Baba ananidai hela za mishikaki. Ami anasema ile aya ingewekwa haya yote yasingetokea. Sijui vipi, naye hajui.

Na wale mliounda kundi la simu mkaliita "Mpishi wa Kukodiwa" mkaniingiza humo, nimeliona. Natoka, mwanirudisha. Basi nimeamua kukaa, angalau nipate habari.

Maana kuna jambo jipya. Leo asubuhi mama wa bwana harusi ametuandikia kwamba kuna karamu ya wanawake kwao Shela: "Usiku wa Jumanne, baada ya Isha." Mwisho kanitaja mimi kwa jina, akaongeza, "Mpishi pia aje." Mama anasema ni leo, Jumatatu, Waswahili hawaandiki mchezo. Mamdogo anasema ni kesho, wameandika vile kunikejeli. Nyanya tukimuuliza anacheka tu, hajibu. Kupiga simu niulize, mimi huyu, siwezi.

Basi Alasiri imepita, nimeshaoga, nimevaa, nywele zimefungwa kwa kitambaa cha heshima. Nahodha wa boti nimemwambia angoje. Ikiwa si leo, kesho nitavaa tena.