Kabla ya risasi za mwisho za Unforgiven

Kila inapozungumzwa Unforgiven, filamu ya makauboi ya Clint Eastwood ya mwaka 1992, wapo wanaokimbilia dakika zake za mwisho. Wanasema imetukanya tusitukuze mauaji kwa saa mbili nzima, kisha ikatupa kilekile tulichokwenda kukitazama: William Munny, muuaji wa zamani, pombe kichwani, anaingia baa usiku wa mvua na kuua watu watano peke yake. Hoja hiyo ina uzito. Hata mimi moyo ulinidunda kwa furaha, na sijivunii furaha ile.

Ila wanaosema hivyo wamemsahau Davey, kauboi kijana. Aliyemchanja Delilah uso kwa kisu katika danguro la mji wa Big Whiskey ni mwenzake, Mike. Sherifu Little Bill akawatoza faini ya farasi saba, watano wa Mike na wawili wa Davey, wote wa Skinny mwenye danguro, kwa kuwa ndiye aliyegharimia kumleta binti yule. Delilah hakuambulia hata ukwato.

Wawili hao walipowaleta farasi wa faini, Davey alikuja na farasi mmoja zaidi, mzuri kuliko wote, wa kumpa Delilah mwenyewe. Wanawake wenzake, ambao hasira yao naielewa kabisa, walimfukuza kwa kumrushia matope. Delilah alisimama akimtazama farasi, asiulizwe neno. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko mapigano yote. Pale palikuwa na mlango, na dau la dola 1,000, waliloliweka wanawake hao kwa atakayewaua Mike na Davey, lilikwisha kuufunga.

Munny analifuata dau hilo, na Davey anapigwa risasi ya tumbo. Analia kiu, mpaka Munny aliyempiga anawapigia kelele rafiki za Davey wampelekee maji. Ned, rafiki wa Munny, anashindwa kuendelea na kugeuza farasi arudi nyumbani. Anakamatwa njiani, anachapwa viboko na Little Bill hadi kufa. Kifo hicho ndicho kinachompeleka Munny baa. Jeraha la Delilah halimo tena katika hesabu.

Na shangwe yetu nayo imewekewa mtu wake mle ndani: Beauchamp, mwandishi wa hadithi za wauaji, ambaye maiti hazijapoa anataka kujua nani alipigwa wa kwanza. Munny anamfukuza, anatoka nje akiapa kurudi kuwaua wote wasipomzika Ned inavyostahili au wakiwadhuru tena wanawake wale. Delilah yuko kwenye mvua, makovu usoni, akimwangalia anavyoondoka.