Kabla ya Kuuza Gari, Tazama Uvungu Wake

Joto la kaskazi likikolea, Februari na Machi, ni nadra hapa Mombasa kutoka Makupa hadi Miritini bila kukuta gari limesimama kando, boneti juu, mvuke unapanda. Ukimuuliza mwenyewe, jibu ni lile lile: limenichosha, naliuza. Wakati huo huo kuna mwingine, pengine mtaa wa pili, anayemwaga pesa kila mwezi kwenye gari ambalo lilipaswa kuachwa zamani. Wote wawili wananisikitisha, kwa sababu wote wanatazama mahali pamoja, kwenye injini, na hapa Pwani injini si ya kumwamulia mtu.

Msimamo wangu ni huu. Injini, giaboksi, stata, rejeta inayopoza maji ya injini, na oltaneta inayochaji betri, vyote hufunguliwa, hutengenezwa, au hununuliwa vikiwa vimetumika kutoka Japani, na makontena ya spea hizo hushukia bandari yetu wenyewe. Bati lililoliwa na kutu halina duka. Kwa hivyo swali la kutengeneza au kuuza lijibiwe uvunguni kwanza, ndipo tuje kwenye boneti.

Chumvi ya hapa haihitaji mvua ili ifanye kazi. Upepo wa baharini huitandaza juu ya kila kitu, na unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi yenyewe huvuta maji kutoka hewani na kulowesha chuma. Asubuhi nyingi za Mombasa unyevu unapita hapo. Maji hayo ya chumvi hupitisha umeme vizuri kuliko maji matupu, na kutu ni kazi ya umeme mdogo ndani ya chuma, basi inakimbia. Ndiyo maana gari linalolazwa nje Nyali au Shanzu karibu na ufuo huchakaa chini mapema kuliko mwenzake wa umri ule ule aliye Voi, mbali na bahari, hata kama la Voi limekwenda kilomita nyingi zaidi.

Magari mengi madogo tunayoendesha, Vitz, Probox, Demio, Note, hayana chasisi ya kando. Mwili wenyewe ndio chasisi. Kutu ikitoboa pale ambapo shoki ya mbele imefungwa kwa juu, au kizingiti kilicho chini ya milango, au fremu ndogo inayoshika mikono ya chini ya magurudumu ya mbele, hapo hakuna tena jambo la urembo. Gurudumu linaweza kuachana na gari. Na kuna mabomba membamba ya chuma yanayopeleka mafuta ya breki nyuma. Yakioza, siku moja utakanyaga breki na pedali inaweza kuzama hadi sakafuni.

Kukagua hakuhitaji mashine. Mchana kweupe, chukua tochi na bisibisi, tandika kadibodi, au bora zaidi lipe gari nafasi juu ya shimo la gereji. Usiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Bonyeza bisibisi penye kutu. Ikikwaruza tu na chuma kigumu kikaonekana, hiyo ni kutu ya juu. Ipigwe brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na maisha yaendelee. Ikiingia ndani, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Inua zulia, tazama chini ya tairi la akiba, gusa kama pana unyevu. Na kwa gari unalotaka kununua, beba sumaku ndogo: pale ambapo panel bita, fundi wa bati, amejaza fila, ile lipu ya kuzibia mashimo, na kupaka rangi nzuri juu, sumaku haishiki.

Wengi hupulizia oili chafu ya injini chini ya gari kama kinga. Siipendi kabisa. Oili huvimbisha mipira ya bushi, hudondoka barabarani na udongoni, na vumbi hushikana nayo likabaki na chumvi yake. Kuosha uvungu kwa maji matamu mara kwa mara, na kuzibua vitundu vya kutolea maji chini ya milango, kunafaa zaidi na hakugharimu sana.

Tuseme basi uvungu ni mzima. Hapo ninasema kwa moyo wote: usiuze. Tafuta hitilafu ilipo.

Kuchemka kwa gari ndiko kunakouza magari mengi mjini hapa, na sehemu kubwa tunakusababisha wenyewe. Maji ya bomba yanayotoka chemchemi ya Mzima na visima vya Baricho hayatoshi mji, kwa hivyo nyumba nyingi zinaishi kwa maji ya kisima, na visima vingi vya hapa vina chumvi. Maji hayo hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta. Ndani ya rejeta za siku hizi kuna alumini nyembamba sana. Chumvi huila, magamba huziba njia, na pampu ya maji inamalizwa taratibu. Kulanti, maji maalumu ya rejeta, si anasa ya watu wa nchi za baridi. Kazi yake huku ni kuzuia kutu ndani ya injini na kuinua kiwango cha kuchemka. Ukiwa huna uwezo wa kuinunua ikiwa tayari, nunua ile nzito uchanganye na maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri.

Halafu kuna kifuniko cha rejeta, ambacho watu hukidharau kwa sababu ni kidogo. Springi yake hushikilia presha, na maji yaliyo chini ya presha huchemka juu ya nyuzi 100. Springi ikilegea, maji huchemka mapema na kutapika kwenye chupa, na mtu anaambiwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na injini yenyewe, imekwenda. Kifuniko kibadilishwe kwanza kabla ya mtu kugusa boliti ya hedi.

Na themostati. "Itoe hiyo, huku Pwani ni joto, haina kazi." Ushauri huu umezagaa kuanzia Magongo hadi Mtwapa, nami naupinga kabisa. Themostati ni mlango unaokaa umefungwa mpaka maji yafike nyuzi 80 na kitu, kisha unafunguka. Ukiutoa, injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi na inaendelea kuongeza petroli, oili inabaki na unyevu, na injini inachakaa. Katika baadhi ya injini, kuitoa huacha wazi njia ya mkato, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka kuliko mwanzo. Kama imekwama, nunua nyingine. Ni kitu cha bei ndogo.

Jirani yetu Likoni, shangazi anayevuka alfajiri kupeleka mahamri mjini kwa Vitz yake, aliambiwa na fundi, "Mama, injini hii imekwisha, tafuta nyingine." Bei aliyotajiwa ilimkosesha usingizi. Nilimuuliza swali moja tu.

"Shangazi, linachemka wapi?"

"Palepale foleni ya feri, mwanangu. Nikishavuka nikakimbia kidogo, taa nyekundu inazima."

Jibu lake lilikuwa utambuzi kamili. Gari linalochemka likisimama na kupoa likienda linakosa upepo, na upepo wa gari lililosimama unatoka kwa feni. Fundi mwingine aliijaribu feni kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri, ikakaa kimya. Feni iliyotumika ikapatikana, akarudi kwenye mahamri yake. Lingekuwa linatulia kwenye foleni lakini linachemka likipanda Mazeras, tungetazama rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Lingekuwa linapoteza maji bila tone kuonekana chini, linatoa moshi mweupe wenye kunukia utamu, na mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu mara tu injini inapowashwa ingali baridi, hapo ningeiogopa gasketi ya hedi. Hata hiyo si kifo: hedi hupelekwa kwa mashine ikapimwa na kusawazishwa, alimradi mtu hakuendelea kuendesha huku taa nyekundu inawaka.

Magari mengi ya sasa hayana mshale wa joto, yana taa ya buluu na nyekundu tu. Nyekundu ikiwaka, simama. Usiseme nifike tu Changamwe.

Siwalaumu mafundi peke yao. Sisi wateja tunakataa kulipia uchunguzi. Tunataka kulipa spea na mkono wa kufunga, lakini saa mbili za fundi kupima na kufikiri tunaziita bure. Matokeo yake fundi anakula pale tu anapobadilisha kitu, basi anabadilisha. Leo plagi, kesho koili inayoipa plagi umeme, keshokutwa pampu ya petroli, na hitilafu ingalipo. Mwambie fundi mapema: nitakulipa kwa kunionyesha tatizo, hata kama kazi yenyewe nitaifanya mwezi ujao. Mazungumzo hubadilika hapo hapo. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari nayo isipewe utukufu usio wake. Ikiandika P0301, inasema silinda ya kwanza haichomi sawasawa. Haijasema ununue koili. Hamisha koili ya silinda ya kwanza uipeleke ya pili, ufute msimbo huo kwa mashine, uendeshe, usome tena. Ikigeuka P0302, umeipata. Isipogeuka, umeokoa bei ya koili.

Hitilafu nyingine ya Pwani hasa ni ya waya wa athi, ule unaounganisha betri na mwili wa gari na injini. Chumvi huingia kwenye kiungo, unga wa kijani au mweupe unaota, na gari linaanza vituko: taa zinafifia, stata inagoma, giaboksi inasitasita, dashibodi inawaka taa zote. Nimeona watu wakiuziwa oltaneta, hata kompyuta nzima ya injini, kwa kiungo kilichohitaji msasa na boliti mpya. Mita ya umeme inatosha. Betri nzima iliyopumzika ina volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Kisha weka mita kati ya nguzo hasi ya betri na chuma cha injini, mtu apige stata: ikizidi nusu volti, athi yako ni mbovu.

Sasa hesabu. Watu wamezoea kusema kwamba matengenezo yakifika nusu ya thamani ya gari, uza. Kanuni hiyo haitufai. Gari ambalo lingeuzwa shilingi 400,000, likihitaji 200,000, hulinganishi 200,000 na 400,000. Unalinganisha 200,000 na pesa utakazoongeza kupata gari jingine, pamoja na matengenezo ya hilo jingine usilolijua. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Gari linaloingia nchini haliruhusiwi kuzidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na wengi wetu tunanunua lililo karibu na mpaka huo, tukilipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Kilomita zake huenda zimerudishwa nyuma. Na Japani ya kaskazini humwagiwa chumvi barabarani kuyeyusha theluji, kwa hivyo gari laweza kushuka bandarini limeshaanza kuoza chini. Omba karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi uliofanywa gari lilipouzwa mnadani Japani: herufi S huonyesha kutu, C huonyesha bati lililolika, na R au RA badala ya alama ya daraja huonyesha gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Muuzaji asiyetaka kuionyesha, muage.

Ukiamua kubadilisha injini, kumbuka namba yake imeandikwa kwenye logbuku, hati ya usajili wa gari. Dai risiti na hati za injini unayonunua, na ubadilishe rekodi NTSA, mamlaka inayosajili magari, mara moja. Gari lenye injini isiyolingana na logbuku litakusumbua polisi, bima na siku ya kuuza.

Na ikiwa bisibisi ilizama pale shoki inapofungwa, au kizingiti kinabomoka mkononi, liache hata kama injini inanguruma vizuri. Hapa nina ombi. Usimpe panel bita alifunike kwa fila, ulipige rangi, kisha umuuzie mwalimu wa Kisauni anayetaka kubeba watoto wake. Livunjwe. Injini, giaboksi, milango, viti, taa na magurudumu yana wanunuzi, na mara nyingi vikijumlishwa havipungukiwi sana na bei ambayo dalali angekupa kwa gari zima. Lililobaki lipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.