Bahari Iliyoteremka Mlima

Mjomba wangu ana nyumba ya kulala wageni Shangani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na ukuta wake wa mapokezi ulikaa mtupu muda mrefu hata wageni wakaanza kuutundikia taulo. Aliponiambia anataka picha ya urefu wa mita 3, inayoonyesha mandhari ya mzunguko mzima kutoka darini kwake, nilimjibu kwa unyenyekevu wa uongo kwamba nitajitahidi, ilhali moyoni nilikuwa nimekwisha kuiona imetundikwa, na jina langu pembeni.

Kitako cha kusawazishia, kile kinachofungwa kati ya miguu ya tripodi na kichwa chake ili kamera izunguke bila kuinama, kilikuwa ghali kuliko tripodi yenyewe, nami huamini kwamba kila kitu cha bei kubwa kina ndugu yake maskini huko sokoni Darajani. Nikanunua pimamaji ya mrija, ndogo kama kidole cha mtoto, nikaibandika kwa gundi juu ya kamera. Kisha seremala mmoja, baada ya kuniuliza kama nimeanza biashara ya chapati, akanikatia visahani viwili vya mbao, kimoja kikizunguka juu ya kingine kwa bolti ya robo inchi, ambayo ndiyo hutosha tundu la kamera nyingi. Nyuzi za kupimia mzunguko nilizichora kwa kipimapembe cha binti yangu, ambaye siku hiyo alirudi shuleni na malalamiko ya mwalimu.

Alasiri nikapanda darini, nikatandaza miguu ya tripodi, nikafunga visahani, na juu yake kichwa na kamera. Nikaielekeza kamera baharini, nikakilegeza kichwa hadi kiputo kikatulia katikati, nikamshukuru Mungu. Hapo nikazungusha kisahani nyuzi 30 kwa kila picha, picha 12 kwa jumla, kila moja ikimlalia jirani yake vya kutosha, na sikukitazama tena kile kiputo, kwa sababu jua lilikuwa kali nami nilikuwa nimejifunika kanga ya mke wa mjomba kichwani pamoja na kamera.

Nililosahau ni kwamba dari ya saruji hujengwa na mteremko ili maji ya mvua yaende kwenye mfereji. Miguu ilikuwa imeinama pamoja na dari, na visahani vimeinama pamoja na miguu. Kilichonyooka ni kamera peke yake, tena kwa upande mmoja tu, maana pimamaji ya mrija haijui habari za upande wa pili. Programu ya kuunganisha picha nayo ikaamini kwamba mhimili niliozungushia ulisimama wima. Ulikuwa umelala nyuzi 3, na katika picha ya mita 3 hizo ni sentimita mbili na nusu za kupanda upande mmoja na nyingine kama hizo za kushuka upande wa pili.

Kwenye simu sikuyaona hayo. Tuliyaona pamoja, mjomba na mimi, siku tulipoikunjua picha iliyokwisha kuchapishwa na kulipiwa. Kisiwa cha Changuu kilikuwa kimekaa juu kama kijiji cha milimani, jahazi lilikuwa likiteremka bila breki, na minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu ilikuwa imeegemea upande mmoja kama wazee wawili wanaosikiliza siri.

“Mwanangu,” mjomba alisema baada ya kimya kirefu, “hii bahari umeifanya nini?”

“Shikamoo, mjomba,” nilijibu, ingawa tulikuwa tumekwisha kusalimiana.

Nilimweleza habari za mhimili, nikamwahidi kurudia kazi kwa kusawazisha miguu kwanza, kabla ya kukigusa kichwa. Alikataa kulipia uchapishaji mara ya pili. Akaitundika picha hiyo hiyo, akainua ncha moja ya fremu mpaka bahari ikalala sawa, na kwa hiyo mji mzima ukaanza kuporomoka kuelekea kwenye kabati la funguo. Dada anayefanya usafi, kila asubuhi, huiona fremu imekaa upande na kuinyoosha; mjomba akitoka kusali adhuhuri huipindisha tena, na hakuna kati yao aliyewahi kumwuliza mwenzake.