Uinjinia wa Usiku Usio na Posho

Mtu akiniambia kwamba gemu za kompyuta zinapumzisha akili, huwa namtazama kwa huruma, kwa maana ni wazi kwamba bado hajakutana na zile gemu za kujenga mitambo, ambazo ndani yake hakuna adui wa kupigwa risasi wala goli la kufungwa, ila kuna kigurudumu kimoja cha rangi ya waridi kilichokaa upande huu wa skrini, kisanduku cha rangi hiyohiyo upande ule, na shimo katikati. Unatakiwa ujenge mtambo utakaokifikisha kigurudumu ndani ya kisanduku. Basi. Ukielezwa hivyo unaona ni shughuli ya dakika tano, unawaambia watu wa nyumbani waendelee kupakua chakula kwa kuwa unakuja sasa hivi, na utakaponyanyua macho ugali umekauka, watoto wamelala, na kigurudumu kiko palepale kilipokuwa tangu magharibi.

Mimi niliangukia kwenye Fantastic Contraption, gemu ya mwaka 2008 iliyotengenezwa na Colin Northway, ambayo ilikuwa ikichezwa moja kwa moja kwenye kivinjari. Stoo yake ya vifaa ni ndogo kuliko ile ninayoisimamia kazini. Kuna magurudumu ya aina tatu: linalozunguka kufuata mishale ya saa, linalozunguka kinyume chake, na lile lisilo na mota, ambalo halifanyi lolote mpaka lisukumwe, na ambalo mimi nililizoea haraka kwa sababu ya watu ninaofanya nao kazi. Kuna fimbo za mbao, ambazo hugongana na vitu vingine, na fimbo za maji, ambazo hupishana zenyewe kwa zenyewe bila kuumizana. Unaunganisha hivyo vitu ndani ya eneo la bluu, kisha unabonyeza kitufe cha kuanza, na kuanzia hapo wewe ni mtazamaji.

Naomba nisisitize jambo hilo la utazamaji, kwa kuwa ndilo linalonipandisha presha. Mtambo ukishaanza, mkono wa binadamu umepigwa marufuku. Katika maisha yetu ya kawaida hakuna kitu kinachoachwa kijiendee chenyewe namna hiyo. Daladala ikizima njiani, abiria wanashuka na kuisukuma, na hata mzee aliyevaa suti huweka kiganja kwenye bodi ili aonekane ameshiriki. Hapa mtambo wako unavuka shimo, unapanda kilima, unafika ukingoni mwa kisanduku, umebakiza upana wa ukucha, halafu unasimama na kuanza kutetemeka mahali pamoja, nawe umekaa na kipanya mkononi huku huna ruhusa ya kuupuliza hata kidogo. Mara kadhaa nimejikuta nimeinamisha kompyuta nzima upande wa kulia. Haisaidii, lakini siwezi kuona mtu anahangaika nikamwacha hivihivi.

Halafu kuna suala la gari langu. Ujenzi wenyewe haukuwa na kasoro yoyote: gurudumu lenye mota nyuma, gurudumu huru mbele, fimbo ya mbao kuyaunganisha, na kigurudumu cha waridi kimefungwa juu kwa heshima zote. Nilipobonyeza kitufe, gurudumu la nyuma likazunguka kuelekea kulia kama lilivyoagizwa, ila bodi nayo ikaamua kuzunguka kuelekea kushoto, pua ikanyanyuka juu, na gari zima likabinuka na kulala chali huku magurudumu yakipiga hewa kama mende aliyepuliziwa dawa. Nimekuja kuelewa kwamba huo ni ubishi wa Isaac Newton, aliyeandika mwaka 1687 kwamba kila msukumo unajibiwa na msukumo mwingine ulio sawa nao kwa upande wa pili, kwa hiyo mota inapolizungusha gurudumu, gurudumu nalo linaizungusha bodi. Dawa yake ni kurefusha gari au kuweka uzito mbele. Niliisoma kanuni hiyo sekondari, nikaijibia mtihani, nikaamini tumemalizana, na sasa mtu huyohuyo amenifuata sebuleni kwangu saa tano za usiku.

Fimbo nazo zina ukorofi wao. Ukiunganisha fimbo nne ukapata umbo la mraba, umbo hilo linasimama vizuri kwa muda wote ambao halijaguswa, na likiguswa tu linalala ubavu, kwa kuwa viungo vyake ni bawaba na hakuna kinachozuia pembe zisifunguke. Lazima upitishe fimbo ya mshazari ili zizaliwe pembetatu mbili, maana pembetatu haiwezi kubadilika umbo bila fimbo yenyewe kurefuka au kuvunjika. Fundi yeyote anayepiga kenchi za paa mtaani kwetu analijua hilo na hajawahi kumsumbua mtu kwa maneno mengi. Nami nikalifuata. Nikajenga mnara wa pembetatu tupu, zimepangwa kwa usawa ambao ungemtoa machozi mkaguzi wa majengo, na mnara ukaanza kulegea na kutikisika wenyewe kabla hata mzigo haujawekwa.

Nilidhani kompyuta ina hitilafu, mpaka mpwa wangu aliyeko kidato cha tatu akanieleza mambo yanayoendelea nyuma ya pazia, kwa ile sauti ya upole ambayo vijana wa siku hizi huitumia wanapozungumza na wagonjwa. Kuna programu zinazoitwa injini za fizikia, kwa mfano Box2D ya Erin Catto, ambayo ilitolewa bure mwaka 2007 na ndiyo iliyobeba Angry Birds, ile gemu ya ndege wanaorushwa kwa manati. Injini ya namna hiyo inaikata sekunde moja vipande vidogovidogo, kwa kawaida 60, na katika kila kipande inavipitia viungo vyote kimoja baada ya kingine na kukirekebisha kila kilichoachana kidogo. Tatizo ni kwamba ukirekebisha kiungo hiki unakivuta cha jirani, kwa hiyo inabidi irudie mzunguko, na haina muda wa kurudia mpaka kila kitu kitulie, basi inafanya mizunguko michache na kusonga mbele. Kadiri mtambo unavyokuwa na viungo vingi, ndivyo unavyobaki na makosa mengi yasiyorekebishwa, na hayo ndiyo yanayoonekana kama kulegea. Kwa maneno mengine, mnara wangu ulianguka kwa sababu kompyuta ilikuwa na haraka. Ofisini tukifanya hivyo tunaitwa wazembe.

Huyu mpwa wangu ndiye mwenye kesi kubwa zaidi. Alinikuta nimekwama kwenye hatua ya shimo refu, nimejenga daraja, juu ya daraja reli, na juu ya reli kitoroli. Akauliza, "Mjomba, kwani hii nayo inakusumbua?" Kabla sijamjibu alikuwa ameshafuta kila kitu, akarundika magurudumu matano yanayozunguka pande zinazopingana, akachomeka fimbo ndefu moja iliyochomoza kama haijui inakokwenda, akabonyeza. Lile rundo likatetemeka, likapiga kelele ambayo nina hakika niliisikia ingawa spika zilikuwa zimezimwa, fimbo ikajipinda na kukichapa kigurudumu cha waridi, kikaruka juu ya shimo, juu ya kilima, na kutua ndani ya kisanduku bila kugusa ukingo. Gemu ikampongeza. Hakuna hakimu aliyeuliza kuhusu ubora wa kazi, wala maksi za unadhifu. "Kumbe wewe Mjomba ulikuwa unakibeba," akasema kwa mshangao wa kweli. "Mimi nakitupa tu."

Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Mtambo wangu una mpangilio, una ulinganifu, unaweza kuonyeshwa kwa wageni, na unaanguka. Ule wake ni aibu ya familia, na unafika. Si kwenye gemu hiyo moja tu. Katika Poly Bridge, iliyotoka mwaka 2016, unapewa bajeti na mto, unajenga daraja, na magari yanapita kwenda kwenye bendera upande wa pili. Mimi nikajenga daraja la kudumu, la kurithisha wajukuu, bajeti ikakata katikati ya mto. Kijana akajenga kitu cha mbao kilichokuwa kinaanza kuporomoka wakati lori bado liko juu yake, nyaya zikakatika, nguzo zikalala majini, na tairi za nyuma za lori zikagusa nchi kavu wakati kipande cha mwisho cha barabara kinazama. Umefaulu, na bajeti imebaki. Kama mlipakodi, nilijisikia vibaya sana kuyaona maandishi hayo, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kupita kwenye madaraja ya falsafa hiyo, ila nilidhani ilikuwa bahati mbaya.

Mama Zawadi, ambaye ndiye mwenye meza ninayochezea, ana malalamiko yake, na huyatoa akiwa amesimama nyuma yangu na kanga begani.

"Baba Zawadi, hicho kidude chekundu kikifika huko kinapewa nini?"

Nikamweleza kwamba hakipewi kitu, kinafika tu, na kikifika inafunguka hatua nyingine ambayo ndani yake kipo tena mwanzoni. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama mtu anayeweza kujenga gari kwa fimbo na maji ndiye huyu aliyeshindwa kuikaza miguu ya meza hii tangu Krismasi. Swali hilo halikuwa la haki hata kidogo. Meza yetu inasimama. Mguu mmoja umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mwingine umewekewa karatasi iliyokunjwa, na imebeba kompyuta, chai, na viwiko vyangu vyote viwili kwa usiku mzima. Hiyo ndiyo fizikia ninayoielewa mimi: ukifunga mpira kitu kinashika, ukipitisha waya kinashika zaidi, na kikigoma kabisa unaita fundi, naye anakuja na waya mnene kidogo. Waliotengeneza gemu hizi walikumbuka mvutano wa dunia, wakakumbuka msuguano, wakakumbuka mpaka kani ya kubinuka, lakini hawakuweka stoo hata kipande kimoja cha tyubu. Mahali ambapo huwezi kuungaunga ni mahali pagumu sana kwa mtu aliyelelewa kama mimi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mambo ya kuzunguka namna hii yaliwahi kumlipa mtu. Mmarekani mmoja mchora vibonzo, Rube Goldberg, aliyeishi kati ya mwaka 1883 na 1970, alichora magazetini mitambo mirefu ya kufanya kazi fupi, ukiwemo wa kumfuta mtu mdomo anapokula, ambao kijiko kinavuta kamba, biskuti inarushwa, kasuku anairukia, na balaa linaendelea hivyo mpaka leso ifike kidevuni. Yeye alikuwa anapokea hela. Mwaka 1993 ikaja gemu ya The Incredible Machine, ambayo ndani yake unatumia ndoo, puto, kamba, paka na panya wa kuendesha mota, na tangu hapo kazi hiyohiyo tunaifanya sisi, kwa bando la kwetu, baada ya saa za kazi, bila posho ya kikao.

Niliwahi kupata nafuu. Kampuni ya Adobe iliacha kuihudumia Flash, programu yake iliyokuwa ikiendesha gemu ndani ya kivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 ikaizuia isicheze kabisa, na kwa kuwa gemu nyingi za kivinjari za miaka ile zilijengwa juu yake, zilizimika pamoja nayo. Watu wengine waliomboleza. Mimi nililala saa tatu usiku kwa wiki kadhaa, nikaanza hata kunenepa, na ule mguu wa meza nikautazama kwa jicho la mtu mwenye mpango. Sasa yupo nani aliyemtuma mpwa wangu anionyeshe Ruffle, programu inayotengenezwa na watu wanaojitolea ili gemu za Flash zicheze tena bila Flash? Kujitolea, yaani hakuna aliyewalazimisha. Walikaa wakafikiri ni nini kinachokosekana duniani, wakaona ni mimi kulala.

Na kwa vile shida haiji peke yake, kijana amepata mahali pa kutengenezea hatua zake mwenyewe, na ya kwanza ameipa jina langu kamili, la ukoo likiwemo, kisha akawatumia binamu zake wote. Nimeifungua jana. Ina mashimo mawili, kuta mbili zilizochongoka, na paa fupi juu ya kisanduku, makusudi ili mtu asirushe kitu kutoka juu, jambo ambalo mimi sijawahi kulifanya na yeye anajua. Kigurudumu cha waridi kimewekwa ndani ya shimo la kwanza kabla hata hujaanza. Nikatafuta eneo la bluu la kujengea juu, chini, kulia na kushoto, nikafuta skrini kwa shati, na nilipokosa kuliona nikampigia simu kumwuliza kwa ukali unaostahili. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu kwa adabu zote: "Shikamoo Mjomba. Hako kamstari ka bluu hapo chini kabisa kushoto, ndiko hako."