Rafiki wa ndoano, adui wa samaki

Wenzangu wa Bukavu, nani kati yenu hana rafiki anayekuja kuvua na mdomo wake wote? Mimi ninaye. Tunashuka ziwani upande wa Muhumba, asubuhi, maji yametulia, natafuta tilapia mkubwa. Yeye hata hajakaa, ameshaanza siasa za Kinshasa! Samaki wanapiga kura?

Simu inalia, anaifungulia sauti yote, shangazi yake wa Uvira anatusalimia sote, mpaka kaa chini ya mawe wanaitikia. Nyungunyungu nimechimba mimi; yeye anachagua walionona. Mshipi wake unapanda juu ya wangu, tunafungua mafundo mpaka jua linatuchoma utosi. Halafu anauliza, "Mbona leo hawali?" Watakulaje, kaka, na wewe unakanyaga ukingoni kama ng'ombe aliyepotea?

Ukimwambia anyamaze, anakujibu: mbona wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wanaimba wakipiga kasia? Ee Mungu! Wale wanavua usiku, katikati ya ziwa, kwa taa na wavu. Sambaza wanafuata mwanga. Tilapia wa ukingoni anahisi hata kishindo cha kisigino chako!

Na jioni sasa! Samaki aliyemponyoka (hakuna aliyemponyoka, nilikuwepo) anakua kwa kila chupa. Chupa ya kwanza ni kiganja, ya tatu ni mkono mzima. Juzi alikuwa na masharubu. Tilapia, masharubu! Na ameshaniagiza nimpitie kesho alfajiri, nyungunyungu wawe wa kutosha.