Baba wa Mwanafunzi Wangu Ameacha Kunywa, Kiingereza Chake Kinakataa

Muhula uliopita msichana wa Senior Two, yaani kidato cha pili, hapa Busia, Uganda, aliniletea insha kuhusu nyumbani kwao. Katikati ya ukurasa aliandika: "My father stopped to drink." Nilishika kalamu nyekundu, nikaiweka chini, nikamwuliza alitaka kusema nini.

"Mwalimu, baba ameacha pombe. Tangu Krismasi hajaigusa."

Sentensi yake inasema kinyume. Inasema baba alikuwa njiani, akasimama ili anywe. Alipaswa kuandika "stopped drinking".

Hapa ndipo Kiingereza kinapowakwaza wanafunzi wetu: vitenzi visoukomo, yaani maumbo ya kitenzi yasiyobeba nafsi wala wakati. "To drink", "drinking", "drunk": likisimama peke yake, hakuna hata moja linalokuambia ni nani anayekunywa, wala lini. Mimi nilifundishwa kwa orodha. Vitenzi hivi vinafuatwa na "to", vile na -ing, kariri. Nilikariri, nikafaulu mtihani, nikatoka bila kuelewa kwa nini.

Naamini shida inaanzia kwenye ku- yetu, na dawa iko hapo hapo. Kitenzi-jina cha Kiswahili hufanya kazi ambayo Kiingereza kimeigawa. "Nataka kusoma" huwa "to read". "Kusoma kunanifurahisha" huwa "reading". Waganda wana okusoma, Wanyankole okushoma. Mtoto anaingia darasani na umbo moja, anakuta mawili, na hakuna anayemwambia kwamba lile lake limegawanywa. Basi anaweka "to" kila mahali, maana ndiyo inayofanana na ku-.

Tena ku- hiyo ina mambo mengi. Inamilikiwa: kusoma kwake, okusoma kwe kwa Luganda, kwa hiyo "his reading" si kitu cha kumtisha mtoto. Inakanushwa: kutosoma, na Waganda husema obutasoma, Kiingereza nacho kina "not to read". Mtoto anazungumza hivi kabla hajafungua kitabu chochote cha sarufi.

Turudi kwa baba. Zamani neno "to" lilionyesha uelekeo, na uelekeo huo haujalitoka: katika "stopped to drink", mtu anasimama akikielekea kinywaji. Katika "stopped drinking", "drinking" imekaa kama jina, ndicho kitu kilichoachwa. Kiswahili hutenganisha maana hizi kwa kubadilisha kitenzi cha kwanza, "aliacha" au "alisimama". Kiingereza hukiacha cha kwanza vilevile, kikabadilisha cha pili. Nilimwandikia ubaoni sentensi mbili za Kiswahili, na chini yake mbili za Kiingereza. Alizitazama kwa muda, kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

Kosa la barua za kuomba kazi, "I look forward to hear from you", ni ndugu wa hilo. Pale "to" bado ni ya uelekeo mtupu, inadai jina mbele yake: "hearing".

Kuna mahali ambapo Kiswahili kinampoteza mwanafunzi, na ni lazima tumwambie. "Nilipokuwa nikirudi nyumbani, mvua ilinikuta njiani." Haina kasoro, kwa kuwa ni- imeshamtaja anayerudi. Mwanafunzi anaihamisha ilivyo: "Going home, the rain found me." Kiingereza kinatafuta anayekwenda nyumbani, kinaikuta mvua. -Ki- yetu inakuja na mwenyewe, -ing inakuja mikono mitupu.

Ndiyo maana huniuma kuona shule ambako lugha ya nyumbani ni kosa la kuadhibiwa. Nilipokuwa P4, darasa la nne la msingi, nilivishwa kibao shingoni kutwa nzima kwa kuongea Kisamia na mwenzangu bombani. Mtaala wa 2007 unataka watoto wa P1 hadi P3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, Kiingereza kishike kuanzia P4. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali kiwe somo la lazima msingi na sekondari. Lakini nenda kwenye vyumba vya walimu. Wa Kiswahili anatoka kufundisha kitenzi-jina saa nne. Saa tano wa Kiingereza anaingia darasa lilelile na kuanza upya, kana kwamba watoto hawajawahi kusikia kitu cha namna hiyo. Hawa wawili hukaa meza moja. Wapange somo hilo pamoja, hata kwa wiki moja ya muhula.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba kuchanganya lugha darasani kutaharibu Kiingereza cha watoto. Nawaheshimu, lakini lugha zimeshachanganyika kichwani mwa mtoto kabla sisi hatujaingia. "Stopped to drink" haikuletwa na mwalimu aliyetaja ku-. Ililetwa na ku- ambayo hakuna aliyeitaja.

Msichana alirudisha insha Ijumaa. Alikuwa ameandika: "My father stopped drinking at Christmas." Chini yake aliongeza sentensi ambayo sikuwa nimemwomba: "Now, when he comes home, he stops to greet us."